Siku Hela ya Kufuli Ilipoingia Majini

Saluni nzima ilimwita Kufuli, naye aliitika bila kununa. Jina alibandikwa na mwenye saluni, mama mmoja mcheshi, baada ya kuona binti huyo anakuja na chai yake kwenye chupa kila asubuhi huku wenzake wakituma soda dukani. Alikuwa na miaka ishirini. Alishakaa pale miaka miwili, akiosha, akikausha na kusuka, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kiasi kwamba wateja wengine walikuwa radhi kusubiri hadi jioni ili wakae chini ya mikono yake. Mwenyewe alilijua hilo. Mteja akianza kumharakisha, alimjibu kwa upole, "Dada, anayetaka haraka yuko yule pale. Mimi nasuka isifumuke."

Ubahili wake ulikuwa na sababu. Alitaka drayer ya kusimama ya kukaushia nywele, ile yenye kofia kubwa, hata iwe ya mtumba, apange kiti chake mwenyewe aache kulipwa kwa kila kichwa. Kwa ajili hiyo kila kitu duniani alikipima kwa vichwa. Akiona viatu dirishani alisema, "Vizuri, lakini ni vichwa tisa," akapita zake.

Mwaka huo dada yake mama, yule mkubwa, aliuza tanuri lake la mikate. Watu walitarajia angenunua kiwanja. Badala yake aliita familia sebuleni akatangaza kwamba anawapeleka kwenye meli ya watalii, ile ya kulala humo humo na kuamka bandari nyingine.

"Nimeamka saa tisa usiku maisha yangu yote kukanda unga," mama mkubwa alisema. "Sasa nataka niamke jua limetoka, nikute mtu mwingine amekanda."

Walikwenda wanne: mama mkubwa mwenyewe, mama yake Kufuli, ambaye kazi yake ni kupiga pasi kwenye duka la dobi, mjomba, kitinda mimba wao na muuza matairi, ambaye kila mtu humwita Bosi kwa jinsi anavyopenda kulipia watu, na Kufuli. Baba alibaki nyumbani. Alisema yeye na bahari hawajawahi kutambulishwa, na haoni sababu ya kuanza uzeeni.

Walipopanda tu, mama mkubwa aliwakusanya chumbani akagawa kadi. Kadi hiyo hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa chumba, na hiyo hiyo ndiyo iliyonunua chochote ndani ya meli.

"Kila moja ina dola mia mbili," alisema. "Chakula cha ukumbini kimeshalipiwa, kuleni mpaka mchoke. Vinywaji, maduka, michezo, picha, hayo yote ni kadi. Ukimaliza, umemaliza. Usinifuate."

Mama yake Kufuli akanyoosha mkono kwa binti yake. "Lete yako nikutunzie."

"Mama, nina miaka ishirini."

"Ndiyo maana naitaka. Hela ya mkononi ikitoka inauma. Hii unagusisha tu, inalia tii, imekwenda, na wewe unacheka. Mtoto wa mpangaji mwenzetu alipewa kadi kama hii, wazazi wake mpaka leo wanalipa."

"Mama, kwenye familia hii mimi ndiye wa kuogopewa kwa matumizi?"

Bosi alicheka mpaka akakohoa. Mama yake hakucheka. Alikuwa ameingia kwenye kitu asichokijua, kilichojaa vioo na ngazi zinazong'aa, na alitaka angalau jambo moja liwe mikononi mwake. Lakini Kufuli aliitia kadi mfukoni, akaubana mfuko kwa kiganja.

"Nitaitunza mwenyewe, mama. Ukiona nimeharibu, utanisema."

Mama mkubwa ndiye aliyekata shauri. "Kila mtu na kadi yake, na mtu asimuulize mwenzake kabakiwa na nini. Nimekuja kupumzika, sikuja kusuluhisha."

Mama yake akaifunga ya kwake kwenye kitambaa, akaitia kwenye mkoba, zipu ya ndani kabisa, na habari ya kadi haikuzungumzwa tena.

Kufuli hakungoja jioni. Alishuka mapokezi, akasimama mbele ya kijana mmoja mwenye tai, akauliza alichotaka kujua.

"Nikizidisha kilichomo, anadaiwa nani?"

"Aliyeandikisha chumba," kijana alijibu.

Yaani mama mkubwa. "Basi naomba uifunge. Ikifika sifuri ikatae, hata nikilia."

Kijana alitabasamu, akabonyeza bonyeza. "Tayari. Na hesabu yako unaweza kuitazama kila siku kwenye televisheni ya chumbani."

"Na ikibaki?"

"Hiyo ni zawadi ya matumizi ya ndani, dada. Haitolewi taslimu. Kitakachobaki siku ya kushuka kinafutika."

Kufuli aliitazama kadi mkononi. Alikuwa ameshapiga hesabu zake: asile kitu, asinywe kitu, ashuke na mia mbili nzima, drayer iwe imefika nusu. Sasa anaambiwa hela aliyoibana itayeyuka yenyewe. Maisha yake yote alijua kuzuia hela. Namna ya kuitumia vizuri hakuna aliyewahi kumfundisha.

Alizunguka meli nzima. Kwenye maduka alinusa manukato, akaona yataisha. Akavaa kofia pana, akajitazama, akairudisha. Jua la nyumbani lingeipausha kabla hajaizoea. Alipita kwenye saluni ya meli akasimama mlangoni akimwangalia msusi anavyoegemeza shingo ya mteja kwenye sinki. Akaona ni kama wanavyofanya wao, ila taulo za hapa ni nene. Soda moja ilikuwa sawa na kichwa kizima cha kuosha na kukausha. Hakuinunua.

Juu kabisa, kwenye sitaha ya bwawa, aliona tangazo limebandikwa karibu na bafu: mafunzo ya kuogelea kwa watu wazima, masomo manne. Bei yake ilikuwa karibu robo tatu ya kadi. Aligeuka akaondoka, akafika kwenye lifti, akarudi.

Mwalimu alikuwa mwanamke mwenye mabega mapana na filimbi shingoni. "Unajua kuelea?" aliuliza.

"Sijui hata kulowa," Kufuli alisema, na ilikuwa kweli. Maji yalikuwa hayajawahi kumpita magoti. Kazi yake ilikuwa kuwaambia wanawake wenzake wasiloweshe nywele, naye alikuwa wa kwanza kuutii ushauri wake. Lakini alishaona kwamba vitu vyote vya humo ndani vingekwisha au vingechakaa. Hiki angeshuka nacho mwilini, na hakuna aliyeweza kukifuta.

Akatoa kadi. Ikalia tii. Ilimuuma, mama yake alikosea.

Tatizo lilikuwa nywele. Mwenzake wa saluni alikuwa amemsukia rasta ndefu kwa ajili ya safari, kazi ya siku nzima, na kofia ya kuogelea haikuweza kuzimeza. Jioni hiyo mama yake aliingia chumbani mwao akamkuta kwenye kibaraza, ameweka mfuko wa plastiki miguuni, anafumua.

"Una homa?" mama aliuliza.

"Kesho naanza kujifunza kuogelea."

Mama alikaa kitandani polepole. "Umelipa."

"Nimelipa."

"Watu wote humu tunaomba tusiingie majini, wewe umetoa hela wakuingize."

Kufuli aliendelea kufumua. Alijua akianza kujieleza atajikuta anaomba ruhusa, na ruhusa hakuihitaji. Mama yake akavuta kiti, akakaa nyuma yake, akaanza kufumua upande wa kisogo. Walifanya kazi hiyo pamoja, na taa za meli zilipowashwa walikuwa wamefika katikati.

Somo la kwanza lilikuwa kupuliza mapovu. Kufuli, ambaye nyumbani wateja walimpangia foleni, alisimama na maji kifuani, anapuliza mapovu kando ya watoto waliokuwa wanapiga mbizi kama bata. Alimeza maji, akakohoa, masikio yakaziba. Kisha mwalimu akamwambia alale chali.

Hilo ndilo lililomshinda. Kila mwalimu alipomshika kichwa, shingo yake ilikakamaa na miguu ikatafuta sakafu.

"Niachie kichwa," mwalimu alisema. "Mimi ndiye nimekishika."

Kufuli alianza kucheka ndani ya maji, akameza mengine. Maneno hayo alikuwa akiwaambia wateja kila siku pale kwenye sinki: niachie shingo, mimi ndiye nimeishika. Alijua vizuri jinsi shingo ngumu inavyoisumbua mikono ya anayeishika. Akafumba macho, akamwachia. Maji yakafika masikioni, kelele za watoto zikazama, na alipofumbua macho aliona mwalimu ameinua mikono yote miwili juu, hajamshika popote.

Asubuhi iliyofuata aliwasha televisheni kutazama hesabu yake, akakuta ameandikiwa soda sita. Alifungua friji ndogo ya chumbani. Badala ya soda mlikuwa na matofaa, yamepangwa vizuri, yale ambayo mama yake alikuwa anabeba moja moja kutoka ukumbini kila baada ya mlo. Soda zilikuwa chini ya kitanda, hazijafunguliwa hata moja. Mhudumu wa chumba alikuta friji haina soda, akaandika zimenywewa.

Kufuli alizitia kwenye mfuko akaenda nazo mapokezi. "Hizi hapa, zote nzima," alimwambia yule kijana wa tai. "Zilihama tu. Naomba uzifute, na chumbani kwetu msiweke nyingine." Kijana alizihesabu, akafuta. Mama yake hakuambiwa, na matofaa yaliendelea kukaa kwenye baridi.

Siku ya tatu Bosi alimfuata sitahani. Alikuwa amevaa kofia mpya, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefungiwa mlango. Alikuwa ameshawanunulia kahawa watu asiowajua, na kilichobaki alikimalizia kwenye mashine za kuchezea hela.

"Mpwa wangu," alisema, akivuta kiti karibu. "Kadi yangu imegoma. Niazime yako leo tu. Nyumbani nakurudishia na juu yake."

"Mjomba, wewe nakupenda."

"Ukianza hivyo najua sipati."

"Hupati. Hela yangu imeingia majini, na iliyobaki ina kazi yake. Lakini twende ukumbini, kuna keki za bure na hujazimaliza."

Bosi alimtazama, akatikisa kichwa, kisha akacheka kile kicheko chake cha dukani. "Jina lako hawakukosea." Wakaenda wakala keki. Siku zote zilizobaki alikunywa maji ya ukumbini, na alikiri mwenyewe kwamba hayakumuua.

Somo la tatu Kufuli alijisukuma kutoka ukutani akafika kwa mwalimu, umbali wa chumba kidogo. Somo la nne mwalimu alisimama upande wa pili wa bwawa, akamwita kwa mkono. Kufuli aliweka uso majini akaanza. Katikati maji yalimwingia puani na hofu ikamshika. Aliinua kichwa, akavuta pumzi kubwa kwa mdomo wazi, akaona ukuta uko karibu kuliko alivyodhani, akarudisha uso chini. Alipougusa, alining'inia pale akihema, akiwa na uhakika kabisa kwamba watu wote wa sitaha hiyo wameona. Wengi walikuwa wanakula aiskrimu. Mpiga picha wa meli tu ndiye aliyekuwa ameelekeza kamera kule, kama alivyomwelekezea kila mtu tangu siku ya kwanza.

Mama yake hakuwahi kuonekana bwawani. Alisema jua linamchoma.

Alasiri ya mwisho mama alimwita chumbani, akafunga mlango. Alifungua zipu ya ndani ya mkoba, akatoa kitambaa, akakifundua, akaweka kadi kwenye kiganja cha binti yake.

"Sijagusa hata senti," alisema. Uso wake ulikuwa na fahari ya mtu aliyemaliza kazi ngumu. "Tukishuka kesho waambie wakupe taslimu. Utaongezea kwenye ile mashine yako ya kukaushia."

Kufuli alikaa. Kwa siku zote hizo alikuwa na jibu la kila mtu, la mjomba, la kijana wa mapokezi, la mama huyu huyu. Sasa aliigeuza geuza ile kadi kiganjani. Swali alilomuuliza kijana wa tai siku ya kwanza lilihusu kadi yake tu. Walikubaliana wasiulizane, na yeye alilifurahia hilo kuliko wote.

"Mama, ilibidi nikwambie mapema. Hawatoi taslimu. Isipotumika, kesho inafutika."

"Inafutika vipi? Imeandikwa kwa chaki?"

"Ni zawadi ya kutumia humu ndani tu."

Nje, kwenye ujia, watu walikuwa wanaburuta masanduku. "Siku zote hizi," mama alisema, "watu wanapita na maji ya machungwa na barafu ndani, mimi nameza mate."

Kufuli alishindwa kujizuia. Alianza kucheka, akaogopa, kisha akaona mabega ya mama yake yanatikisika, na wote wawili wakacheka mpaka wakajilaza kitandani na viatu. Walipotulia, Kufuli aliketi akajifuta macho.

"Maduka hayajafungwa. Mama, unataka nini? Usiniambie kinachofaa. Niambie unachotaka."

Mama hakufikiri hata kidogo. Aliinuka, akavaa ndala, akatangulia.

Alimpeleka moja kwa moja kwenye ujia ambako picha zote za safari zilitundikwa ukutani ili wenyewe wazinunue. Alipita mamia ya nyuso bila kuangalia, kama mtu anayekwenda kwake, akasimama mbele ya moja. Ilikuwa ya Kufuli katikati ya bwawa: kichwa juu ya maji, mdomo wazi, macho yamemtoka, mkono mmoja unashika hewa.

"Hii," mama alisema.

"Mama, nimetisha."

"Nimekuja kuitazama tangu jana. Jana mara mbili. Nilikuwa nyuma ya ile nguzo ulipovuka, nilibana pumzi mpaka nikaona nyota. Nikasema, huyu ni mwanangu, na mimi ndiye niliyetaka kumshikia kadi." Akamgeukia muuzaji. "Naomba ile kubwa, yenye fremu."

Kadi ikalia tii. Mama alistuka kidogo, akairudisha mkononi, akaiangalia pande zote mbili.

"Bado ipo?"

"Bado ipo nyingi."

"Basi kawaite mama yako mkubwa na mjomba wako. Kule chini kuna mkahawa wa kulipia, wenye vitambaa mezani. Leo nalipa mimi."

Na alilipa kweli. Kabla hajaketi alipitisha kidole kwenye kitambaa cha meza, akapinda pembe, akasema aliyepiga pasi hapa alikuwa na haraka lakini anajua kazi. Aliagiza maji ya machungwa yenye barafu, akayamaliza, akaagiza mengine. Bosi alisoma orodha ya vyakula kwa adabu, akachagua cha bei ya kati. Mama yake Kufuli akamnyang'anya karatasi akamwagizia nyama kubwa kuliko zote.

"Kula," alimwambia. "Umelisha watu wote wa meli hii, nani amekulisha wewe?"

Mama mkubwa alikuwa anawatazama, kipande cha mkate mkononi, mkate ambao hakuukanda yeye. "Nilidhani nimewapa siku sita za raha," alisema. "Kumbe mdogo wangu alikuwa anafanya mtihani." Mama yake Kufuli akakiri kwamba ndivyo, na kwamba alikuwa karibu kufeli.

Zile dola chache zilizobaki kwenye kadi yake, Kufuli alimwandikia mwalimu wa kuogelea bakshishi asubuhi, kabla ya kushuka. Mwalimu alimshika kichwa kwa mikono miwili, kama kule majini, akamwambia asikae muda mrefu bila kuingia bwawani.

Hakukaa. Jumatatu saluni hufungwa, na kila Jumatatu anakwenda kwenye bwawa la manispaa, analipa getini bila kubadilisha kwa vichwa. Nywele amezipunguza ziingie kwenye kofia, na wateja wawili wamemwiga. Drayer aliipata mwaka uliofuata, ya mtumba, inayounguruma kama pikipiki, na sasa ana kiti chake.

Picha ilitundikwa sebuleni siku ile ile waliyorudi. Baba yake aliisogelea, akavaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Anazama?" aliuliza.

"Anaogelea," mama alisema.

"Na fremu hii yote mmenunua shilingi ngapi?"

Mama alikuwa anapanga nguo za baba kwa ajili ya pasi ya kesho. "Sikuuliza," alisema, akachukua shati jingine.